Kitu Kilichosogea

Dada alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, ndipo akauliza. Hapo nikajua mambo si mambo, maana dada yangu akiwa anashona huuliza kila kitu huku pini ziko mdomoni.

"Mume wangu ana nini na wewe?"

Nilikuwa nimekwenda kupimwa gauni. Nilisimama katikati ya chumba chake cha cherehani, mkono mmoja wa gauni umeshonwa, mwingine bado.

"Jana nimemsikia kwenye simu," akaendelea. "Anataja jina lako, herufi moja moja. Halafu anasema, 'Hazifiki hata kumi na sita, tena linatamkika vizuri.' Linatamkika vizuri! Miaka yote hii ya ndoa, langu hajawahi hata kulisifu."

Ningecheka, kama si macho yake. Macho yale niliyajua, yalikuwa ya bibi yetu. Bibi ndiye aliyetulea, na alikuwa mtu wa kushuku. Akirudi nyumbani hakuvua hata viatu. Alisimama mlangoni, akakikagua chumba chote, akasema: "Kikombe kile kimesogea. Nani kagusa sukari?" Hakukosea hata mara moja. Dada na mimi tulikua na macho hayo hayo, ila yeye aliyaelekeza kwa watu, mimi nikayapeleka kwenye nyota.

Nilifanya kazi katika kituo cha darubini, nje kidogo ya mji, chini ya shemeji, huyo huyo mume wa dada, aliyenitafutia nafasi. Yeye alipiga picha za anga usiku. Mimi nilifika asubuhi, nikaketi mbele ya kompyuta na kikombe changu cha chai, nikazilinganisha. Ni kipande kile kile cha anga, kimepigwa tena na tena. Nyota hubaki pale pale. Kinachosogea, ukishahakikisha si kasoro ya picha, huenda ni sayari ndogo: jiwe linalolizunguka jua kama sisi, ila halina anayelijua.

Asubuhi moja niliiona nukta hafifu ambayo kompyuta ilikuwa imeiruka. Nikatazama tena, na tena. Imesogea. Nikamwita shemeji, akaja na mswaki mdomoni, akainama, akatazama, akanipiga bega.

"Shemeji, una macho ya mwizi wewe!"

Tulicheka sote wawili. Wakati huo sikujua bado mwizi ni nani.

Jiwe la namna hiyo halipewi jina siku hiyo hiyo kama mtoto. Hufuatiliwa miaka, likipotea nyuma ya jua na kurudi, mpaka njia yake ijulikane barabara. Hapo hupewa namba, na mgunduzi huandikwa. Namba yetu ilipotoka, aliyeandikwa ni shemeji. Peke yake. Nilipomuuliza, alisema ndiyo mazoea ya kituo, mwenye zamu ya darubini ndiye mgunduzi. Iliniuma vibaya sana. Lakini mkono uliokupa kazi huwezi kuuuma, na zaidi ya hapo alikuwa mume wa dada. Nikameza.

Tangu siku hiyo sikumwamini hata alipopiga chafya. Nikiingia, alishusha sauti kwenye simu. Nikitoka, nilisikia mlango ukifungwa. Nilijua anatafuta jina, kwa sababu haki ya kulipendekeza ni ya mgunduzi, kisha jopo la wataalamu ndilo hulipitisha. Lisizidi herufi kumi na sita. Litamkike. Lisimtusi mtu. Wanasiasa na majemadari wasubiri miaka mia moja baada ya kufa, na sijui mahali pengine popote ambapo watu hao husubiri chochote. Na ni aibu mtu kulipa jiwe lake jina lake mwenyewe. Nikajiambia, basi atampa mkubwa fulani anayemtafutia cheo.

Kumbe alikuwa akilitaja jina langu.

Shemeji alitokea chumba cha pili, ametoka kulala, shati halijafungwa. Dada hakumpa nafasi hata ya kusalimu.

"Sema mbele yake. Kwa nini jina lake?"

"Ni lile jiwe letu," akasema. "Ni heshima tu. Kwa kazi yake."

"Kazi gani?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: mimi ndiye niliyeliona. Nilimtazama, nikamngoja aliseme. Alikuwa ameshapongezwa na wakubwa, picha yake imetundikwa ukumbini. Akatazama sakafu. Nikaelewa kwamba mtu huyu aliona afadhali ashukiwe mapenzi kuliko wizi.

Ningeweza kulisema mimi. Lakini dada alikuwa ameshika pindo la gauni langu, na hakuliachia.

"Dada, si langu," nikasema. "Ni la Bibi. Nilimwomba shemeji, tulitaka kukushtukiza."

Nililirithi jina la Bibi, hilo alilijua tangu nilipozaliwa. Alinitazama, akamtazama mumewe, akarudi kwangu, kama anayelinganisha picha. Kisha akaketi juu ya vitambaa vyake, akalia kwa furaha.

Kila jina hupelekwa na mistari michache ya kueleza maana yake. Shemeji aliniomba niiandike mimi. Nikaandika kwamba ni bibi aliyewafundisha wajukuu wake kutambua kitu kilichosogea. Jopo likapitisha. Basi shemeji akabaki na ugunduzi, Bibi akabaki na jina, mimi nikabaki na gauni.

Baadaye, kwenye korido ya kazini, aliniambia kwa sauti ya chini: "Ungeandikwa wewe mgunduzi, usingeweza kulipa jina lako. Nilikuwa nakufikiria." Maneno hayo nimeyageuzageuza kichwani miaka mingi. Huenda alichukua ugunduzi ili aweze kunipa jina. Huenda alitoa jina ili ninyamaze. Sijapata jibu, na sasa amestaafu, anasahau hata alipoweka kikombe chake.

Juzi nilikwenda tena kupimwa nguo. Dada, pini mdomoni, alisema bila kuinua kichwa:

"Bibi hakuwahi kuzitazama nyota hata siku moja."

"Kweli," nikasema.

"Na huyu mzee wangu hajawahi kuona kitu kilichosogea humu ndani. Hata miwani yake namtafutia mimi."

Akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka. Nilingoja swali. Halikuja.

"Geuka," akasema, "nipime mabega." Na mikono yake ikakaa mabegani mwangu muda mrefu kuliko kipimo kinavyotaka.