Sauti Iko Sawa

Ukoo mzima ulimwita Terminali, na mwenyewe alilipenda jina hilo kupita kiasi. Lilitokana na lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kompyuta, ambalo yeye alilifungua hata pale ambapo kubofya mara moja kungetosha. Ndiye aliyeifuta kompyuta ya mama yake na kuiwekea mfumo wa Linux bila kuombwa na mtu, kisha akahubiri hadi watu wakaanza kumkimbia. "Hii haijui kukwama," alisema, akajipiga kifua.

Basi ikakwama, na siku yenyewe ndiyo haikufaa kabisa.

Baba yao, yeye na dada yake, kabla ya kuingizwa kwenye chumba cha upasuaji ambako hakutoka hai, alimwomba binti yake amrekodi kwa simu. "Ni ya mama yenu," alisema. Mama hakuwa na ubavu wa kuitazama. Kila alipoulizwa alijibu, "Nitaiona nikiwa tayari." Jumamosi hii, baada ya chakula cha mchana, alipiga moyo konde. Alivaa gauni lake la kutokea, akavuta kiti karibu na skrini ya kompyuta, kwa kuwa kioo cha simu kilikuwa kidogo mno kwa macho yake. Binti alikaa kwenye kochi nyuma yake. Terminali akaketi kwenye kibodi, kando ya meza, akabonyeza.

Baba akatokea, amelala kitandani, mto umeinuliwa. Akafungua mdomo, picha ikaganda. Ikaruka, ikaganda tena. Sauti nayo ikawa inakatikakatika.

"Faili la simu hizi mpya ni zito," Terminali alisema. "Dakika moja tu."

Akafungua dirisha lake jeusi. Vidole vikapiga mbio. Alibadilisha programu ya kuchezea video, ikawa vilevile. Akajaribu nyingine, ikawa mbaya zaidi. Mtu mwenye akili zake angetulia aulize kompyuta imeelemewa na nini, lakini Terminali alikuwa na watazamaji, na mbele ya watazamaji hakupenda kuonekana anafikiri. Akachukua njia ya mkato. Alitengeneza nakala nyepesi ya ile video, na katika kuipunguza akakata kipande cha mwisho, ambapo baba alikuwa kimya. Kisha akaiamuru programu iruke picha kila inapochelewa, mradi sauti isikatike.

"Tayari!"

Kweli, sauti ilitoka safi. Baba aliwashukuru wanawe, akawaomba wasigombane, akatania kwamba chakula cha hospitali kilimfanya autamani hata uji wa binti yake. Binti alicheka huku machozi yakimtoka.

Mama alikuwa na macho makavu. Mbele yake mume wake alionekana amefumba mdomo, mara ameuacha wazi, mara amegeuka upande mwingine.

"Bado," alisema.

"Bado nini, mama? Sauti iko sawa!"

"Picha inakwama."

"Sasa picha ya nini? Ni baba amelala tu. Wewe sikiliza."

"Bado, mwanangu. Tengeneza."

Terminali alirudia kuicheza, akaongeza sauti hadi kioo cha dirisha kikatetema. Mama akatikisa kichwa vilevile. Hapo uvumilivu ukamwisha. Mama yao walimjua kwa ubishi. Ukimwita kutoka jikoni haitiki. Simu alisusa kupokea, miaka yote mume wake ndiye aliyempokelea. Ukizungumza naye lazima ukae mbele yake, tena penye mwanga, utadhani unapigwa picha ya pasipoti. Watoto walizoea kumcheka kwa hayo.

Terminali akamgeukia dada yake kule nyuma ya mama. Hakutoa sauti hata chembe. Alichezesha midomo tu, akiipanua vizuri ili dada amwelewe: *Uzee huo. Anasumbua tu.*

"Sisumbui, mwanangu," mama akasema.

Terminali aliduwaa. Mama hakuwa akitazama skrini. Alikuwa akimtazama yeye, akimsubiri aeleze picha itapona lini.

"Sisikii," mama aliendelea, polepole. "Siku nyingi sasa. Nasoma midomo. Baba yenu alijua, nikamkataza asiwaambie. Niliona haya."

Binti alijifunika uso kwa mikono. Yeye ndiye aliyeishi na mama nyumba moja, akimpigia kelele kila asubuhi kwamba anajidai hasikii. Terminali, kwa upande wake, alitamani ardhi ipasuke immeze. Masikio yalimwaka moto. Alikuwa amemtukana mama yake kwa lugha pekee ambayo mama yake aliisikia.

"Kaka," binti alisema kwa sauti iliyokwaruza, "kile kipande cha mwisho. Baba hakuwa ameishiwa nguvu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mimi nilidhani anasali."

Kile alichokikata.

Terminali aliifuta ile nakala yake, akarudi kwenye faili halisi. Safari hii hakukimbiza vidole. Aliicheza video huku akitazama vipimo vya kompyuta, na jambo likaonekana wazi: prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa inahema peke yake, imejaa hadi juu, na kadi ya picha, ambayo kazi hiyo ndiyo yake, ilikuwa imekaa bure. Akafuatilia kwa nini. Akafungua faili la mipangilio, na humo akakuta mstari aliouandika yeye mwenyewe. Zamani kidogo skrini ilikuwa ikimetameta. Akanakili dawa kutoka kwenye mtandao bila kuisoma, skrini ikatulia, akatangaza ushindi kwa ukoo mzima. Dawa yenyewe ilikuwa kuizuia kadi isiguse kazi yoyote ya video. Faili la simu halikuwa na kosa, wala mama.

Akaufuta mstari. Akaizima kompyuta na kuiwasha. Ilipokuwa ikiamka aliitazama ile skrini nyeusi na kuuona uso wake humo, akaangalia chini.

"Sasa, mama," alisema, kisha akakumbuka. Akamgusa bega, akamwonyesha skrini kwa kidole.

Picha ikatiririka. Baba akafumba macho, akafumbua, akazungumza, na midomo ya mama ikawa inafuata midomo yake neno kwa neno. Kwenye uji wa binti yake mama akacheka kwa sauti, akiwa amechelewa kuliko wote kuupata utani huo. Halafu baba akanyamaza. Akaitazama kamera, akaanza kuchezesha midomo bila sauti, taratibu, kila neno akilipa nafasi yake. Mama alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Alitikisa kichwa kukubali. Akalia, akatabasamu, akajibu kitu kwa midomo vilevile, na hakuna mwingine aliyekielewa.

Video ikaisha.

"Amesema nini, mama?" Terminali aliuliza. Aliuliza akiwa ameinamia kibodi, maana hakuweza kumtazama.

Mama hakujibu.

"Mama, amesema nini?"

"Kaka," dada yake alisema. "Inua uso."

Ilimchukua muda. Alipouinua, mama alikuwa amekwisha kugeuka na kumkabili, mikono mapajani, akisubiri. Terminali akasahau alilotaka kuuliza. Midomo yake ikatikisika, ikaunda neno moja la kuomba, na sauti ikagoma kabisa kutoka.

"Nimekusikia, mwanangu," mama akasema.