Shahidi wa Mbuta Wangu

Jumamosi tatu nilirudi mtaani kwetu Stechford, huku ughaibuni, kutoka kuvua samaki mikono mitupu, mimi Mjaluo, mtoto wa ziwani, na kanisa zima likanicheka. Ya nne nikaenda bwawani na shemeji Kipchumba, mtu wa ng'ombe. Mvua ikanyesha, jua likatoka, upepo ukageuka.

"Shemeji, hamia kule mawimbi yanakopiga," Kipchumba akasema.

"Wewe unajua nini? Kamua maziwa!"

Nikahamia kimyakimya. Ndoano ikavutwa! Nikatoa mbuta wa huku, samaki mdogo kuliko yule wa ziwa letu na mwenye mistari, tukarukaruka matopeni kama wendawazimu. Lakini sheria ya bwawa ni kumrudisha majini, na simu tulikuwa tumeziacha garini kwa kuogopa mvua. Nikamwachia.

"Sasa kanisani nani ataniamini?"

Kipchumba akatanua mikono yote miwili.

"Nitawaambia alikuwa kama ndama. Na nitawaambia nani alikuhamisha."