Ini la Mchinjaji

Mdogo wangu Sadallah ni mtu anayependa kuonekana ana mbuzi kuliko kumtunza mbuzi mwenyewe. Aliwatangazia wakwe watarajiwa kutoka Saadani kwamba nyumbani kwake Mlingotini hawatalishwa nyama ya bucha. Walikuwa wanaleta posa ya binti yake Adila, nami, shangazi mtu, nilifika siku moja kabla ili kupika.

Jioni ile nilimwambia asimfunge mbuzi shingoni kwa kamba ndefu karibu na ukuta mfupi wa ua.

“Dada Zaina, wewe shughulika na nazi zako,” akasema. “Mbuzi niachie mimi.”

Asubuhi tulikunywa chai pamoja. Alikula vitumbua vyangu, akalalamika kwamba vimekosa iliki, kisha akatoka na kisu. Baadaye akaniletea beseni la nyama.

Nyama ilikuwa nyeusi, damu imegandia ndani. Nikatoka uani. Kamba ilikuwa bado inaning'inia upande wa pili wa ukuta, fundo limekaza.

“Damu yake iko wapi?”

“Nimefukia.”

Nikafukua kwa mguu pale aliponionyesha. Mchanga ulikuwa mweupe.

“Alirusha miguu ulipomkata?”

“Alirusha. Unanihoji kama hakimu? Nimepiga bismillahi, nimechinja. Wewe pika.”

Sikumwita mwongo. Pengine mbuzi alikuwa amebakiwa na pumzi, naye akamuwahi. Lakini wageni wangekula kwa kuuamini mkono wangu, na mnyama aliyekufa kabla ya kisu ni kibudu, hata umtie bizari ya namna gani. Nikachukua kikaango kibovu nilichokuwa nataka kukitupa, nikakaanga ini. Kwetu ini huonjwa kwanza na mchinjaji.

“Karibu, mchinjaji.”

Akalitazama, akaitazama mikono yake.

“Nimefunga,” akasema. “Leo Alhamisi. Sunna.”

Chembe ya kitumbua ilikuwa bado kwenye ndevu zake.

Hapo sikuwa na swali tena. Angelila lile ini, ningemwona mjinga tu. Kumbe alijua vizuri kabisa, na alikuwa tayari kuwalisha wengine.

“Mungu akutakabalie,” nikamjibu, nikamtuma Adila pwani akatafute samaki changu.

Wakwe walifika baada ya sala ya adhuhuri. Mzee Mikdad, baba wa kijana, alizungumza kwa heshima, posa ikapokelewa, nikatenga wali wa nazi na samaki.

“Bwana Sadallah,” akasema Mzee Mikdad, “na yule mbuzi tuliyehadithiwa?”

“Alijinyonga kwa kamba,” nikajibu mimi. “Hakuwahiwa.”

Sadallah alinikazia macho, kisha akageuza uso haraka kwa wageni, amejaa huzuni.

“Poleni. Wengine wangetulisha hivyo hivyo,” akasema Mzee Mikdad.

“Nyumba hii?” Sadallah akaweka mkono kifuani. “Hata siku moja, mzee wangu. Nimlishe mgeni kibudu? Bora nife njaa.”

Akanawa, akaunyosha mkono kwenye sinia.

“Sadallah,” nikasema taratibu, “si umefunga?”

Mkono ukabaki juu ya wali.

“Mashaallah,” akasema Mzee Mikdad. “Na joto hili. Kumbe mtoto wetu anaoa kwa mcha Mungu.” Akajimegea pande la changu.

Walikula mpaka miiba. Sadallah aliketi akiwakaribisha, “Ongezeni, ongezeni,” huku akimeza mate. Kila aliposifiwa aliinamisha kichwa, na nadhani kufikia mwisho alikuwa ameanza kuamini kwamba kweli amefunga.

Magharibi, wageni wameshaondoka, akaja jikoni. Hakuomba radhi. Alifunua sufuria moja baada ya nyingine.

“Dada, hujaniachia hata mkia wa samaki?”

Nikamsogezea kile kikaango kibovu. Ini lilikuwa palepale, limekauka pembeni.

“Adhana imeshatoka,” nikasema. “Mchinjaji na afuturu.”