Turubai la Bluu kwa Mama Henriette

Watu huniambia, "Mama Mado, hasira hasara." Najua. Wacha iwe hasara, lakini ya siku ile nyumbani kwa Henriette nitayasema.

Klabu yetu inaitwa Tusaidiane. Hapa Kapata, pembeni mwa Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, wengine hututania kwa kutuita klabu ya kilio, na hawajakosea. Mtu akifa mtaani, sisi ndio tunaotangulia kufika, hata kabla maiti haijatoka mochari. Wanaume wanasimamisha miti na kutandaza turubai, vijana wanateka maji, nami nawasha moto wa bukari, ugali wetu, maana chungu cha klabu kiko mikononi mwangu tangu mwanzo. Hakuna anayelipwa. Wafiwa wanaposhinda na kulala nje siku za kilio, angalau wanapata kivuli na kitu cha kutia tumboni.

Turubai la kwanza tulilishona wenyewe, wanawake wa klabu, kwa magunia meupe ya kubebea madini. Lilikuwa linavuja kwenye mishono, na mtu aliyekaa katikati alilowa mgongo. Lakini lilikuwa letu.

Kisha ikaja kampuni ya madini. Jina lake silitaji, maana wanapenda mno kutajwa. Walikuja wakati wa kiangazi na viti vya plastiki pamoja na turubai jipya la bluu, zito, pana, lenye jina lao kwa herufi nyeupe ndefu kama mtu, na chini yake maneno TUKO PAMOJA. Tuliimba, tukapigwa picha. Rais wetu Tata Godefroid, karani mstaafu asiyevua tai hata jua la saa sita, alitokwa machozi. Waliahidi pia gari la kupeleka wajawazito hospitali na maiti makaburini, mradi turubai lionekane kwenye kila kilio na picha zifike ofisini kwao. Gari hilo tulilihitaji kweli. Binti wa jirani yangu alijifungulia kando ya barabara, watu wakimzungushia vitenge. Basi turubai la magunia Tata Godefroid akalipeleka kwake, akafunika banda la kuku.

Mvua zilipoanza, Hénock akafa.

Alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Henriette. Alikuwa mchimbaji, kama nusu ya vijana wa mtaa huu, na shimo aliloingia lilikuwa ndani ya uzio wa kampuni hiyo hiyo. Udongo ukaporomoka. Walinzi wakawafukuza wenzake huku bado wanamsikia akigonga chini. Vijana wale walisimama getini na koleo zao, wakaomba waachwe warudi wafukue. Wakaambiwa wasubiri amri. Amri ilipofika, Hénock hakuwa akigonga tena.

Sasa niambie wewe mwenye akili, ungefunga turubai gani juu ya kichwa cha mama huyo?

Tata Godefroid alifunga la bluu.

Nilifika na chungu kichwani, nikakuta limeshasimama, viti vimepangwa, na lile jina linang'aa hadi barabarani. Damu ilinichemka.

"Tata Godefroid, hauone haya? Banamuua mutoto yake, na we unamuletea jina yabo?"

"Mama Mado, sema polepole. Ni bâche tu. Mvula inakuya."

"Ile yetu iko wapi?"

"Ile ilishazeeka. Na leo mutu wa kampuni anakuya kupiga foto. Motoka itatoka mwezi huu. We unataka bamama bafwe mu njia juu ya kiburi yako?"

Kuhusu wajawazito alisema kweli, na hilo likanikasirisha zaidi. Nilishusha chungu, nikaanza kupanga kuni nikizipigiza chini moja moja.

Henriette alitolewa nje na wanawake wawili waliomshika mikono. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote. Aliinua kichwa, akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyowasomea watoto: "Tu-ko pa-mo-ja." Kisha akataka liondolewe uani kwake: "Mutoshe ile kitu mu lupango yangu."

Kweli akili ni nywele. Mnajua Tata Godefroid alifanya nini? Aliamuru turubai ligeuzwe. Vijana wakalishusha, wakalipindua, wakalipandisha upya. Kwa nje likawa bluu tupu, naye akajifuta jasho kwa tai yake kama mtu aliyemaliza kazi. Lakini maandishi sasa yalikuwa upande wa ndani. Henriette akakaa kwenye mkeka wake, akatazama juu, na jina la watu waliomwacha mwanawe afe lilikuwa limemlalia, pana kuliko nyumba yake.

Hakulia. Aliinuka, akauburuta mkeka hadi nje, akautandika juu ya udongo mwekundu, akakaa. Mvua ikaanza kudondoka.

Kwetu, mwenye msiba akikaa chini, hakuna anayekaa kitini. Na akilowa, nani atakaa pakavu? Wanawake wakatoka na mikeka yao. Wanaume wakafuata, hata wale wazee wenye magoti mabovu wakaviacha viti vile na kusimama nje. Mimi niliacha moto wangu uzimike. Chini ya turubai vilibaki viti peke yake, vimepangwa safu kwa safu, vikavu.

Ndipo akafika kijana wa kampuni, na fulana ya kung'aa, kamera na mwavuli.

"Bonjour, bamama. Juu ya nini batu beko inje? Baingie kidogo, tupige foto moja tu."

Tata Godefroid alinijia mbio, shati limemganda mwilini. "Mama Mado, we banakusikiaka. Ubaambie baingie. Dakika moja tu. Motoka, Mama Mado!"

"Ngoja, naenda kukamata kitu," nikamwambia.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Tata Godefroid. Mkewe alinitazama nikihangaika na kamba za banda la kuku, akaingia ndani, akarudi na kisu. Turubai letu lilikuwa limejaa mavi ya kuku na pembe moja ilikuwa imekatwa. Nililikunja, nikalibeba kichwani, na njia nzima nilikuwa natukana kwa sauti.

Hapakuwa na muda wa kutafuta miti. Wanawake wanne tulishika kila mtu upande wake, tukalinyanyua juu ya Henriette kwa mikono. Maji yakapenya kwenye mishono. Uchafu wa kuku ukatutiririka hadi kwapani. Henriette akainua mkono, akagusa uzi mmoja mnene uliopita katikati ya magunia.

"Hii mushono ni yangu," akasema.

Hapo ndipo alipolia, kilio chenyewe, akimwita mwanawe kwa jina, nasi tukaitikia hadi sauti zikatukauka. Kijana wa kampuni alishusha kamera akaondoka.

Baada ya mazishi, lori lao lilikuja kuchukua viti na turubai. Habari za gari hazikusikika tena. Mpaka leo, nikimwona mjamzito anapandishwa pikipiki huku anajishika kiuno, nalikumbuka gari lile, na hasira inanipanda upya. Nani aliwapa haki ya kutuuzia gari kwa kilio chetu?

Tata Godefroid alinifuata nyumbani jioni lori lilipoondoka. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Umetuua, Mama Mado."

"Mi sikuua mutu, Tata. Mwenye kuua, we njo ulifunga jina yake juu ya kichwa ya mama."

Aliondoka bila kuaga.

Kesho yake tulikuwa uani kwangu, wanawake wa klabu, Henriette naye katikati yetu na kitambaa cheusi kichwani, tumelitandaza turubai la magunia tunaziba matundu. Tata Godefroid akaingia. Mkononi alikuwa na ile pembe aliyoikata kuzibia dirisha la banda la kuku, ameifua, bado inadondosha maji. Tai hakuvaa.

Sikumwambia asante. Nilimpa sindano.