Mluzi Ndani ya Koili

Mzee Koili, kama karakana nzima ilivyozoea kumwita, alikuwa na hadi saa tisa kusaini ni kiini gani cha chuma kitakaa ndani ya koili kubwa, ule msokoto wa waya wa umeme, ya gari jipya la mseto, lile linalotumia petroli na betri. Kwake yeye mambo yalishakwisha. Kiini cha utepe wa chuma, mwembamba kuliko karatasi, hakikupoteza nishati wala kupata joto la maana. Cha chuma chenye silikoni kilikuwa kizito, na joto lake lilizidi kidogo. Hapo kuna ubishi gani?

Mbishi alikuwepo, tena wa damu yake: binti wa dada yake, aliyelijaribu gari barabarani wiki nzima. Alilalamika kwamba kiini cha utepe kinapiga mluzi mpaka kichwa kinamuuma, ilhali cha silikoni hakipigi. Mzee akainamia boneti mara tatu, asisikie kitu. Akamwambia akapumzike, uchovu huo. Na huyu ndiye mzee aliyekuwa akiwalaumu majirani kwamba wamepulizia dawa hadi nyenje wote wa mtaa wakaisha. Binti akanuna.

Lakini udadisi ulimwasha mzee. Akaiweka koili mezani, akamketisha mpwa wake akiipa meza mgongo, anyooshe kidole kila akisikia mluzi. Akawa anawasha na kuzima koili kwa ujanja: mara mbili mfululizo, kisha kimya kirefu. Mara ishirini, na binti hakukosea hata moja. Mzee akaleta maikrofoni. Kwenye skrini mstari ukasimama kama msumari: mitetemo elfu kumi na nne kwa sekunde.

"Sasa nipime mimi," akasema.

Binti akapiga sauti kwenye spika, akiishusha polepole. Elfu kumi na mbili, mzee ametulia. Elfu kumi, vilevile. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, anataka sana kujua. Kidole chake kilinyooka kwenye elfu sita.

Iliuma, hilo hakulificha. Akachukua fomu, akafuta utepe, akaandika silikoni. Lile joto wangelitafutia feni. Akasaini polepole.

"Wale nyenje wa pale nyumbani," akauliza bila kuinua macho, "bado wapo?"

"Wapo, Mjomba. Kila jioni. Sisi tulidhani unatutania."