Kamati ya Tumbo Langu

Ukoo wa mume wangu hauna jambo dogo. Paa likivuja, kamati. Mtoto wa mtu akifeli mtihani, kamati. Hata televisheni ya sebuleni ilinunuliwa baada ya vikao na kura, na aliyeshindwa kwenye kura hadi leo hukaa akiipa mgongo. Kwa hiyo siku mimi na mume wangu tulipojisahau tukamwambia mama mkwe kwamba tumeanza kutafuta mtoto, nilipaswa kujua tumejitia kitanzi wenyewe.

Dhambi yangu katika ukoo huu ni kwamba sili nyama. Si kwa dini wala ugonjwa. Niliiacha nikiwa msichana na sijawahi kuitamani tena. Mayai nakula, maziwa nakunywa, maharage ndiyo usiseme. Nafundisha hesabu nimesimama siku nzima na sijaanguka ubaoni hata mara moja. Wakwe zangu wananiita Majani. Wanasema ni kwa upendo, lakini nikipokea sahani huwa wanaitazama mikono yangu kana kwamba itakatika.

Kliniki nilikuwa nimeshakwenda. Muuguzi aliniambia mambo yanayoeleweka: nianze asidi ya foliki sasa, kabla mimba haijaingia, nitumie vitamini B12 kwa sababu sili nyama, madini ya chuma yasubiri mpaka damu ipimwe. Nilimsimulia mama mkwe haya nikidhani namtuliza. Yeye alisimamia bweni la wasichana hadi alipostaafu, na bado huingia jikoni kwangu kama anayekagua vitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hili si la mtu mmoja."

Jumapili iliyofuata kamati ikakaa sebuleni kwake. Mwenyekiti yeye. Katibu wifi yangu, karani wa mahakama, ambaye hawezi kusema "ndiyo" bila kukohoa kwanza. Wajumbe ni baba mdogo wa mume wangu, wakala wa bima, na shemeji yangu mnyanyua vyuma, anayeamini kifua kipana kinatibu kila kitu. Mume wangu, fundi wa majokofu, alikuwa mjumbe wa kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa ajenda.

Wakagawana. Wifi alete foliki, shemeji B12, baba mdogo madini ya chuma, mwenyekiti "na mengineyo". Habari ya kupima damu ilipita juu ya vichwa vyao. Ikaamuliwa pia kwamba kila mjumbe ashuhudie kwa macho yake mchango wake ukimezwa, maana kwao mchango usioshuhudiwa ni sawa na ambao haukutolewa.

Hakuna hata mmoja aliyetaka aje aambiwe kwamba mtoto kapata kasoro kwa sababu ya kidonge chake. Kwa hiyo kila mmoja, kwa siri yake, alipofika dukani alisema, "Nipe kile chenye kila kitu." Zikaja chupa nne, kila moja na rangi yake na picha yake. Moja ina mama anacheka, nyingine ina jua, nyingine ina jani la mchicha, na ya shemeji ina mwanamume mwenye misuli ambaye sijui mimba inamhusu nini.

Nikameza. Kila asubuhi wifi alipitia akielekea mahakamani, akasimama mlangoni mpaka koo langu lishuke. Wakati wa mapumziko shemeji alipiga simu ya video, na walimu wenzangu wakazoea kuniona nikiiachamia simu ili mtu aangalie chini ya ulimi. Mchana zamu ya baba mdogo, jioni mama mkwe. Utaniuliza kwa nini nilikubali. Kwa sababu nilimtaka huyo mtoto. Nilimtaka kiasi kwamba wangeniambia nimeze na kifuniko cha chupa, ningemeza.

Punde mambo yakaenda mrama. Choo kikagoma, tumbo likawa linanikata, na siku moja nikaacha darasa katikati ya sehemu na asilimia, nikakimbilia nje kutapika. Habari ilimfikia mama mkwe kabla sijafuta mdomo, akapiga vigelegele majirani wakatoka nje. Baba mdogo akaja na fomu za bima ya elimu. Shemeji akamtangazia kila aliyekuwa na masikio kwamba hiyo ni B12 yake. Wifi akakohoa, akasema haki itendeke, foliki ndiyo ilitangulia.

Nami nikaamini. Nikawa natembea mkono tumboni, napishana na watu kwa uangalifu, naongea peke yangu njiani na mtu ambaye hata jina hana.

Kliniki nilikwenda na mume wangu na mfuko wa chupa. Kipimo kilionyesha sina mimba. Muuguzi akazipanga zile chupa mezani, akazigeuza moja moja kusoma mgongoni.

"Mama, hivi vyote ni kitu kimoja," akasema. "Unakunywa dozi ya watu wanne. Hayo madini ya chuma ndiyo yanakutapisha. Na vitamini A ya aina hii ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Bahati nzuri huna mimba."

Bahati nzuri. Hakusema kwa ubaya, lakini neno hilo liliniingia kama mwiba. Nikalimeza nalo, kumeza nilikuwa nimeshakuzoea.

Kisha akainua chupa ya shemeji. "Na hili gamba la kidonge limetengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe. Si ulisema huli nyama?"

Mume wangu akaangua kicheko. Nilimtazama, akaacha.

Damu yangu ilipimwa, ikakutwa nzuri tu. Nikapewa kidonge kimoja kwa siku, chenye foliki na B12 basi. Mume wangu akaambiwa aache sigara, jambo ambalo kamati nzima haikuwahi kuligusa.

Jumapili wakakaa kunipongeza. Nikasimama, nikawaeleza yote. Kila mmoja akaanza kuitetea chupa yake. Baba mdogo akauliza kama zilizobaki zinarudishika dukani. Shemeji akasema ng'ombe wa kwenye kidonge hahesabiki. Wifi akapendekeza iundwe kamati ndogo ichunguze nani alianza kununua chenye kila kitu. Nikaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Mama mkwe akanifuata, akafunga mlango. Nilijua limefika lile la nyama, na majibu yangu makali nilikuwa nayo tayari.

"Kabla ya kumzaa mume wako, mimba mbili zilinitoka," akasema. Alikuwa ameshika ukingo wa sinki. "Wakubwa walikaa sebuleni hivi hivi wakaamua ninywe nini, nilale vipi, nisimwambie nani. Nikatii yote. Hakuna aliyeniuliza kitu."

Kule sebuleni shemeji alikuwa anapandisha sauti.

"Mwanangu, wewe mwenyewe unamtaka huyu mtoto?"

Tangu vikao vianze hakuna aliyeniuliza hivyo, hata mume wangu.

"Namtaka, mama," nikasema, na machozi niliyoyabana tangu kliniki yakanitoka mbele ya mtu wa mwisho ambaye ningetaka anione nikilia. Hakuniambia ninyamaze. Alivuta kigoda, akakaa karibu yangu, akaniuliza huwa napenda kula nini.