Pakavu pa Mwisho

Visiwa vile vilijipanga baharini kama watoto wa tumbo moja. Kifungua mimba alikuwa na mlima unaokamata mawingu. Wa katikati walikuwa na mikoko na vilima vya mawe. Na mwisho kabisa alilala Kitinda Mimba, mchanga mtupu na minazi michache, mahali ambapo mtu mrefu akisimama ndiye mlima. Mpima alizaliwa hapo. Na serikali, isiyo na haya, ilimtuma yeye akapapime.

Sheria ya kazi yao ilikuwa fupi. Siku ya bamvua, maji yakijaa mpaka yakome, mpima hutafuta pakavu pa kusimamisha ufito wake wa kupimia. Akipapata, ni kisiwa. Akipakosa, ni fungu la mchanga, na watu wanahamishwa. Palipoinuliwa kwa mikono ya watu hapahesabiwi.

Majirani walipoona maji yamezidi unga, walijiondokea wenyewe. Alibaki baba yake tu, mzee mbishi kuliko punda, na kaburi la mama yake.

Maji yalipojaa yaliingia mpaka uvunguni mwa kitanda. Mpima alizunguka kote na ufito begani, maji yakimfika magotini. Baba yake alikuwa amesimama kando ya kaburi, miguu mikavu, anatabasamu.

"Haya, simamisha ufito hapa," alisema mzee. "Wataniacha na mke wangu."

Mpima aliinama, akafukua mchanga kidogo. Chini yake palikuwa na mawe ya matumbawe yaliyopangwa vizuri.

"Baba, hapa umepajaza."

"Tangu tumzike. Maji yakipwa, naleta jiwe."

"Ulikuwa unayatoa wapi?"

"Si pale kwenye mwamba wa mbele? Nayabomoa kwa mtaimbo."

Mpima alitazama mbele. Mwamba uliokuwa ukiyavunja mawimbi tangu utoto wake ulikuwa na pengo pana, na mawimbi yalipita hapo moja kwa moja kuja nyumbani kwao.

"Mbona unatazama huko? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, baba. Ni bahari tu."

"Bahari haina adabu," alisema mzee. Akaokota jiwe lililoporomoka, akalirudisha juu ya kaburi.

Mpima aliuachia ufito uelee, akamsaidia kulipanga.